Miaka 17 naongea Kiitaliano Malindi, mtihani ukaniangusha kwenye kuandika. Je, lugha naijua au siijui?

Mwana wa Barani (mwanzisha uzi)

Assalamu aleikum wanajukwaa.

Jambo hili nimelizungusha kichwani wiki tatu, leo nimeona nilitoe. Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Nilianza kuteremka ufukweni nikiwa na miaka 15, nambebea binamu yangu vinyago. Baadaye nikawa napakia wageni kwenye boti ya kioo kwenda kutazama matumbawe, na sasa nawatembeza mjini hadi magofu ya Gede. Kiitaliano sikukisoma popote. Nilikiokota mchangani, neno leo, neno kesho, miaka 17 sasa. Naongea bei, naongea mpira, naongea msiba. Mzee mmoja Mtaliano alipofiwa na mkewe hapa hapa, mimi ndiye niliyekesha naye hospitali nikimfasiria maneno ya daktari.

Mwaka huu ikatokea kazi ya mkataba ya kuongoza wageni, wakataka cheti cha Kiitaliano, ngazi ya B1, yaani ya kati. Nikasema hii ni yangu. Nikalipia mtihani, nikaenda. Kusikiliza nimepita vizuri, kuzungumza nimepita, kusoma nimepita kwa shida. Sarufi na kuandika nimeanguka. Kuandika ndiko kulikoniuma, kwa sababu tuliambiwa tumwandikie barua meneja wa hoteli kulalamikia chumba. Malalamiko ya vyumba nimeyasikiliza na kuyatatua tangu ndevu hazijaota.

Na kuna kijana aliyesoma darasani miezi minane, akikutana na mgeni hawezi kumuuliza kama amelala vizuri bila kutoka jasho. Yeye kapita sehemu zote.

Naomba wenye elimu hii wanieleze. Mtihani ndio mbovu, au mimi ndiye sikijui ninachodhani nakijua?

Dereva wa Casuarina

Pole sana kaka. Mimi naendesha tuktuk, na wateja wangu wengi ni wale wazee wa Kiitaliano wenye nyumba zao huku. Tunaelewana kila kitu. Juzi binti yangu wa kidato cha pili akaniuliza, "Baba, 'jana nilikwenda' Kiitaliano wanasemaje?" Nikamjibu, *ieri io andare*. Akanionyesha kwenye simu imeandikwa *ieri sono andato*. Nikanyamaza. Miaka yote hiyo nikisema watu wananielewa na kunijibu, nikajua niko sawa.

Mwalimu wa Maweni

Ndugu Mwana wa Barani, salamu. Mimi nafundisha lugha hapa mjini na nilisomea isimu. Nitaandika kirefu, uniwie radhi, kwa sababu swali lako ni zito na limenigusa.

Nianze na dereva. *Ieri io andare* ukiigeuza neno kwa neno ni "jana mimi kwenda". Tunaijua sentensi hiyo. Ndivyo walivyosema Wazungu wa mashamba zama za ukoloni, kile kilichoitwa Kisetla: "mimi kwenda soko", "wewe kuleta chai". Kitenzi kimebaki na ku- yake, wakati umebebwa na neno "jana", na nani ametenda unamjua kwa kuwa ametajwa mwanzo. Mzungu wa shamba kwenye Kiswahili na dereva wetu kwenye Kiitaliano wamefika kituo kimoja bila kuonana.

Hilo limechunguzwa. Mwaka 1972 Larry Selinker aliandika kwamba anayejifunza lugha ya pili hujijengea mfumo wake mwenyewe, ambao si lugha ya mama wala si ile anayoitafuta, na una kanuni zake. Tuuite lugha ya kati. Akasema pia kwamba mfumo huo mara nyingi huganda kabla ya kufika. Miaka ya 1980 ukafanywa mradi mkubwa Ulaya chini ya European Science Foundation, kufuatilia wahamiaji watu wazima waliokuwa wakiokota lugha kazini na mtaani kama mlivyookota nyinyi, huko Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na Uswidi. Wolfgang Klein na Clive Perdue walieleza mwaka 1997 walichokiona kwa wanafunzi 40. Walikuwemo wenye Kiarabu cha Moroko, Kituruki, Kipunjabi, Kifini, Kihispania na Kiitaliano chenyewe. Wote walipita kituo kile kile: kitenzi hakibadiliki, wakati unaonyeshwa kwa "jana" na "kesho", na mpangilio wa maneno unafanya kazi iliyobaki. Wengi waliondoka hapo wakaendelea. Karibu theluthi moja walibaki.

Kwa nini mtu abaki? Kwa sababu hapo pana raha. Unauza, unanunua, unachekesha, unafariji. Richard Schmidt alimfuatilia kwa takriban miaka mitatu msanii wa Kijapani huko Hawaii, akamwita Wes, na utafiti ukachapishwa mwaka 1983. Wes alikuwa mchangamfu, watu wanampenda, biashara yake inakwenda. Uwezo wake wa kuzungumza na watu ulipanda sana. Sarufi yake ikabaki karibu pale pale. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliona nusu ya ufukwe wa Malindi humo ndani.

Kwa hiyo kaka, unajua lugha. Lakini "kujua lugha" si kitu kimoja, na hapo ndipo mtihani ulipokukamata.

Mkweli Daima

Mwalimu nakuheshimu ila hapa napinga. Kama mtu anakesha hospitali anafasiri maneno ya daktari na mgonjwa anatibiwa, halafu karatasi inasema huyu hafai, basi karatasi ndiyo haifai. Hizi ngazi za A na B zimewekwa na Wazungu kwa faida yao. Kila kukicha mtihani, kila mtihani ada. Huyu anajua Kiitaliano. Nukta.

Mama Wawili

Mkweli, si kila ngazi ni upuuzi, ila uchungu wako nauelewa. Mimi nilifanya Kijerumani A1, kwa sababu Ujerumani tangu mwaka 2007 inataka mke au mume anayemfuata mwenzake aonyeshe ujuzi wa mwanzo wa lugha. Nilikariri. Jina langu, nchi yangu, napenda kupika, nina watoto wawili. Nilipita kwa alama nzuri. Nilipofika nikaingia duka la mikate, yule mama akaniuliza kitu kimoja tu na sikukielewa hata silabi. Nililia njiani. Kwangu mimi mtihani ulisema najua wakati sijui. Kwa kaka hapa umesema hajui wakati anajua. Tuelezeni hapo.

Mwalimu wa Maweni

Mama Wawili umelifungua lenyewe.

Wapimaji wa lugha hujiuliza maswali mawili kabla ya mengine yote. La kwanza ni uthabiti: mtu yule yule akipimwa leo na kesho, au akisahihishwa na watu wawili tofauti, je, atapata matokeo yanayokaribiana? La pili ni uhalali: matokeo yanasema kweli kuhusu kile tunachotaka kukijua? Mtihani unaweza kuwa thabiti kabisa na bado usiwe halali kwa jambo ulilolikusudia. Ukipima uzito wa samaki kwa futi utapata jibu lile lile kila siku.

Hizo ngazi sita, A1 hadi C2, zilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Mkweli, ukizisoma zenyewe utashangaa. Zimeandikwa kwa maneno ya "anaweza": anaweza kufuata mazungumzo ya kawaida, anaweza kuandika barua rahisi. Na zinakubali wazi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa juu katika kusikiliza na chini katika kuandika. Yaani waliozitunga hawakusema mtu ni "B1" kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Hilo limekuja baadaye, kwa waajiri na maofisi wanaotaka herufi moja na tarakimu moja wapange watu foleni.

Kwa maoni yangu mtihani haukumkosea ndugu yetu. Ulimwambia kweli: unasikia, unasema, huandiki. Aliyekosea ni yule aliyetangaza kazi ya kusema na kusikia, kisha akadai cheti kizima bila kujiuliza kazi yake inahitaji stadi ipi. Mtu wa kutembeza wageni Gede haandiki barua.

Lakini sitakubembeleza tu. Michael Canale na Merrill Swain waliandika mwaka 1980 kwamba umilisi wa lugha una sehemu zaidi ya sarufi: kuna kujua la kumwambia nani na kwa namna gani, na kuna ujanja wa kujinasua unapokosa neno. Ujanja huo wa kujinasua unao kuliko sisi wote hapa. La kumwambia nani, niulize: kwenye ile barua ya meneja, ulimwita *tu*, "wewe" ya marafiki, au *Lei*, "wewe" ya heshima?

Mwana wa Barani

*Tu*. Ufukweni wote ni *tu*. Mzee, kijana, tajiri, wote.

Mwalimu wa Maweni

Ndiyo hiyo. Fikiria mgeni aliyesoma Kiswahili, aje kwa bibi yako amwambie, "Wewe, lete chai." Upatanisho uko sawa, matamshi safi, hakuna kosa la kupigia mstari. Bibi yako angejisikiaje? Msahihishaji alisoma barua yako kwa sikio la bibi.

Bint Mkomani (Lamu)

Hamjambo nyote. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo nikaona niuingilie kutoka kwetu Amu, maana mimi niko upande wa pili wa kioo. Nafundisha Kiswahili wageni, wengi wanafunzi wa vyuo vya nje.

Swali lao la kwanza huwa, "Itanichukua muda gani?" Huwatajia hesabu ya Wamarekani wenyewe: chuo kinachofundisha wanadiplomasia wao kinakadiria takriban wiki 36 za masomo ya siku nzima kwa Kiswahili, wakati Kiarabu na Kichina wanavipa wiki 88. Hufurahi wakisikia. Furaha hiyo huishia gatini siku ya kwanza, mwenye punda anapopiga kelele "ndia! ndia!" nao hawajui kwamba wanaombwa njia.

Nimepokea binti aliyekuja na alama za juu. Gazeti anasoma, ngeli zote kichwani, sijapata kumsikia akisema "kitabu yangu" hata mara moja. Nikamtuma kwa shangazi yangu Langoni akaulize namna ya kupika mkate wa sinia, arudi anieleze mimi. Alirudi na orodha ya vitu bila mpangilio, hajui kipi kinatangulia. Juma la sita nilimtuma tena kwa bibi mwingine, kwa jambo jingine, akarudi akanieleza hata bibi alipocheka na kwa nini. Mtihani wangu ndio huo. Sina karatasi.

Lakini kuna jambo linaniumiza na halisemwi. Mama yangu ana tenzi kifuani ambazo mwalimu wa chuo kikuu huzisoma kwa kamusi. Ukimkalisha kwenye mtihani wa Kiswahili ataandika *nti*, *mai*, *mato*, *kitwa*, *kuya*. Msahihishaji atapiga mstari mwekundu juu ya nchi, maji, macho, kichwa na kuja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Sikatai, tulihitaji maandishi yanayosomeka kote. Ila mpimaji lazima aseme anapima nini. Akiandika "mtihani wa Kiswahili" na anapima Kiswahili sanifu cha kuandika, basi mama yangu amefeli lugha yake mwenyewe, na hilo ni dhuluma.

Mkweli Daima

Bint Mkomani, hapo umenifunga mdomo. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta nikakosa namna ya kukisema.

Mwana wa Barani

Nashukuru sana nyote. Mwalimu, nimeelewa kwamba nimeganda. Je, nina miaka 32, panayeyuka hapo au ndiyo basi?

Mwalimu wa Maweni

Panayeyuka, na nisingependa mtu akutishe kwa umri. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alileta hoja kwamba kuna kipindi maalumu cha utotoni cha kujifunza lugha, na ubishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake walitoa utafiti wa watu wapata 670,000 waliojibu maswali ya sarufi ya Kiingereza mtandaoni, wakasema uwezo wa kujifunza sarufi unabaki na nguvu hadi umri wa miaka 17 hivi ndipo unashuka. Kushuka si kufa. Na wewe ulianza na 15.

Shida yako iko kwingine. Stephen Krashen alifundisha kwamba lugha huingia kwa kusikia na kusoma kile unachokielewa, kikizidi uwezo wako kidogo. Wewe umesikia Kiitaliano miaka 17. Kama kusikia pekee kungetosha, ungeandika kama wao. Swain, yule niliyemtaja, aliwatazama watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yote kwa Kifaransa miaka mingi. Kusikiliza na kusoma walifanya vizuri sana, karibu na wenye lugha. Kusema na kuandika walibaki na makosa. Mwaka 1985 akatoa hoja kwamba mtu lazima asukumwe atoe lugha, tena kwa usahihi, maana unaposikiliza unaweza kuelewa kwa kunusa maneno makubwa tu, lakini unapoandika huwezi kuiruka miisho ya vitenzi. Naye Schmidt, yule wa Wes, alisisitiza mwaka 1990 kwamba usichokitambua kwa akili yako hakikuingii. Dereva hakuwahi kuisikia *sono andato*, ingawa ameambiwa labda mara elfu. Iliingia sikio hili ikiwa maana tu, umbo likabaki nje.

Basi fanya hivi. Washa simu ujirekodi dakika kumi ukisimulia siku yako ya jana kwa Kiitaliano, kama unavyomsimulia mgeni. Usijikaze. Kisha kaa chini uandike kila neno kama ulivyolisema. Piga mstari chini ya kila kitenzi. Hapo utaiona lugha yako ya kati kwa macho yako, na hakuna mwalimu anayeweza kukuonyesha vizuri kuliko hiyo. Baadaye andika upya kwa usahihi, usome kwa sauti, urekodi tena.

Na soma. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu ufukwe haukupi. Paul Nation alikadiria mwaka 2006, kwa Kiingereza, kwamba kufuata mazungumzo bila msaada kunataka familia za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) 6,000 hadi 7,000, na kusoma gazeti au riwaya 8,000 hadi 9,000. Maneno hayo yaliyozidi huyapati kwa kuuza vinyago, yanakaa kwenye maandishi.

Kipimo kingine cha kujifanyia nyumbani kilianzishwa na Wilson Taylor mwaka 1953: chukua habari fupi, futa neno moja kila baada ya idadi fulani ya maneno, kesho yake ujaze. Mfano wa Kiswahili ili wote mwone kinachopimwa (hapa nafasi nimezichagua mwenyewe): "Boti ilipokaribia gati, nahodha ____ kamba, na vijana wawili ____ majini kuisukuma isigonge ____." Sisi tunajaza bila kufikiri. Mgeni anaweza kujua neno "ruka" na bado asijue kwamba hapo linataka kuwa "wakaruka". Jaribu na Kiitaliano utajua ulipo.

Mwisho, uliza kituo chako: baadhi ya mitihani ya Kiitaliano inakuruhusu kubaki na sehemu ulizopita na kurudia zile ulizoanguka tu, ndani ya muda maalumu.

Dereva wa Casuarina

Nahodha alirusha, vijana wakaruka, isigonge ukuta. Binti yangu kasema "isigonge mawe". Tumebishana hapa sebuleni robo saa.

Mwalimu wa Maweni

Yote mawili ni sahihi, na msahihishaji mzuri anayakubali yote mawili. Mpe hongera binti.

Mwana wa Barani (baada ya siku kumi na mbili)

Narudi kama nilivyoahidi moyoni.

Nimejirekodi. Kuandika zile dakika kumi kulinichukua kutoka isha hadi saa tano usiku. Vitenzi 61. Vilivyobaki na umbo la "kwenda, kula, kuja" ni 38. Sikuamini, nikasikiliza tena. Kulikuwa na kimoja nimekisema sawa mara tano mfululizo, *ho capito*, nimeelewa, kwa sababu nakisema kila siku kama neno moja, sikujua hata kwamba ndani yake kuna wakati uliopita. Kutoka hapo nikaanza kuvitafuta ndugu zake.

Meneja wa ile kazi nimemwendea, nikampelekea matokeo yangu yote badala ya cheti, nikamwonyesha kusikiliza na kuzungumza. Amesema atanisikiliza mwezi ujao akiwa na mgeni wa Kiitaliano hapo. Sijui itakuwaje. Sehemu mbili nilizoanguka nimejiandikisha kuzirudia.

Barua ya chumba nimeiandika mara tatu. Ile ya tatu nilimpelekea yule mzee niliyekesha naye hospitali. Alinipigia simu usiku, akanisahihisha mahali pengi, akaanzia na *tu*. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakuniambia. Akasema aliona ni utovu wa adabu kumkatiza mtu aliyekuwa naye usiku ule ili amrekebishie kitenzi.

Nimemwomba kuanzia sasa anikatize.

Dereva wa Casuarina

Na mimi leo nimewaomba wateja wawili wanirekebishe. Wa kwanza alianza kabla hatujafika hata kwenye barabara ya lami.